Amandina Lihamba: Mtunzi Aliyeigiza Kimya

Kati ya mwaka 1962 na 1964, mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alikuwa Ufipa akijifunza lugha, desturi na masimulizi ya wenyeji. Matunda ya kazi ile ni vitabu kadhaa. Kimojawapo, kilichotoka mwaka 1978, chote kinahusu sanaa ya usemi ya Wafipa: ngano za wanyama, visa vya watu wa kale na hadithi ambazo zilikuwa zikipokezwa kwa mdomo tangu enzi za tawala za Milansi, Nkansi na Lyangalile. Huku juu, kwenye uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, baridi huwakusanya watu mapema kwenye moto, na moto nao huwakusanya kwenye maneno.

Fanani wa ngano hashiki karatasi. Hadithi anaitunga upya mbele ya watu, na hapohapo anaiigiza. Anakuwa mzee kwa kushusha sauti, anakuwa sungura kwa kuinua mabega, anatoa wimbo na wasikilizaji wanaudaka. Akikosea wanamsahihisha, akichosha wanasinzia. Kwake yeye kutunga na kuigiza si fani mbili za watu wawili. Ni pumzi moja.

Naanza na Ufipa kwa sababu huku ndiko ninakotaka historia hii isomwe. Ni historia ya Profesa Amandina Lihamba, mwandishi wa tamthilia, mwigizaji wa jukwaani na kwenye filamu, mwongozaji, na mwalimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Sumbawanga, hapa Ufipa, hadi chuo hicho ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na jina lake huku husikika zaidi kwa wanafunzi wa fasihi kuliko kwa wazazi wao. Lakini kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 40 inatuhusu moja kwa moja, kwa maana swali lake kuu lilikuwa hili: nani ananyamazishwa, na sanaa inaweza kumsaidiaje aseme?

Lihamba alizaliwa mwaka 1944, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kizazi chake kiliingia utu uzima sambamba na nchi yenyewe. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akaunda wizara ya utamaduni, akisisitiza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa. Drama ya shuleni wakati ule ilikuwa Shakespeare na michezo ya Kiingereza, na ngoma zilikuwa zimebezwa kwa miaka mingi kuwa ushenzi. Kazi iliyowakabili vijana wale ilikuwa kubwa: kujenga jukwaa ambalo mkulima angelitazama na kusema, hili ni langu.

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea. Mwezi Februari likatangazwa Azimio la Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho. Sanaa ikaitwa kujenga Ujamaa. Mathias Mnyampala alikuwa akisambaza ngonjera zake, ambazo shule nyingi nchini zilizikariri. Vikundi vya ngoma na vichekesho viliundwa viwandani, jeshini na mashuleni. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile, akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba msiba mzito wa kihistoria, Vita vya Maji Maji, bila kuazima sauti ya mtu mwingine. Mwaka 1972 Penina Muhando akatoa Hatia, akamleta jukwaani msichana wa kijijini na aibu aliyotwishwa.

Lihamba aliibuka katika mkondo huo. Alikuwa mwigizaji na mwongozaji, na baadaye mwandishi, na tangu mwanzo hakuonyesha kuamini kwamba mmoja kati ya hao watatu ni mkubwa kuliko wengine. Katika jukwaa la Dar es Salaam la wakati ule, mwandishi alikuwa akijaribu mazungumzo yake mwenyewe kwa kinywa chake, akisikia neno lipi linakwama kooni na lipi linapita. Wanafunzi waliokuwa wakisoma nadharia asubuhi walikuwa wakifagia jukwaa jioni.

Tamthilia yake ya kwanza kuchapishwa, Hawala ya Fedha, ilitoka mwaka 1980. Kiini chake kilitoka Senegal, katika riwaya fupi ya Sembène Ousmane ambayo Sembène mwenyewe aliigeuza kuwa filamu mwaka 1968. Mzee asiye na kazi anatumiwa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Anakwenda posta. Karani anadai kitambulisho. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa na picha, picha inahitaji fedha, na fedha ziko ndani ya hawala. Wakati huohuo habari zimeshaenea mtaani, na kila jirani ana shida ya kukopeshwa. Mwishowe mzee anatapeliwa, na hata senti moja ya hawala haimfikii.

Kwa nini mwandishi wa Kitanzania aliitaka hadithi ile mwaka ule? Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera. Sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni, na karatasi za kuchapia vitabu zilikuwa adimu. Dirisha la ofisi lilikuwa limekuwa mahali ambapo mwananchi hupimwa utu wake. Watazamaji wa Dar es Salaam hawakuhitaji kuelezwa Dakar iko wapi. Walimjua yule karani, walimjua yule mzee, na walijua hali ya kusimama mbele ya meza ukiwa na haki yako mkononi na huna neno la kuitetea. Hapo ndipo ulipoanza mstari ambao Lihamba hakuuacha tena.

Mwaka 1982 ikatoka Harakati za Ukombozi, tamthilia aliyoitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu wakaandika kwa kalamu moja juu ya safari ya ukombozi wa nchi, wakichanganya mazungumzo, nyimbo na majigambo. Jambo hilo lenyewe lilikuwa tukio. Historia ya ukombozi ilikuwa imezoea kusimuliwa kama historia ya wanaume kwenye majukwaa ya mikutano. Safari hii waliishika waandishi ambao mama zao walikuwa wamepika, wamejificha, wamebeba ujumbe na kuimba katika harakati zilezile.

Katika miaka hiyohiyo wasanii wa Chuo Kikuu waliunda kikundi cha Paukwa. Jina walilichukua kutoka kwenye mwito wa mtambaji hadithi, na namna yao ya kufanya kazi ilikwenda na jina hilo: kutunga kwa pamoja, kuchanganya simulizi na ngoma, kumfanya mtazamaji awe mwitikiaji. Hapa sanaa ya moto wa jioni ilikuwa imeingia ukumbini bila kuomba radhi.

Lakini ukumbi ulikuwa mjini, na wananchi wengi walikuwa vijijini. Mwaka 1982 na 1983 timu ya wasanii wa Chuo Kikuu, wakiwamo Penina Mlama (ndiye Muhando), Lihamba na Eberhard Chambulikazi, ilikwenda Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo tayari mkononi. Walikaa na wanakijiji na kuwauliza shida zao ni zipi. Kati ya yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wadogo na vijana kukaa bila kazi. Vijana wenyewe walichambua chanzo, wakatunga onyesho, wakatumia wigashe, ngoma ya Wasukuma ambayo watu huicheza wakiwa wameketi, na kuwachezea wazazi na viongozi wao. Baada ya onyesho hapakuwa na makofi ya kuagana. Palifuata mjadala. Wazazi walijibu, vijana walijibu tena, na mambo yaliyokuwa yakisemwa chinichini yakasemwa kwenye uwanja wa kijiji.

Njia hii, sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ina hatua zinazojulikana: utafiti, uchambuzi, utunzi, onyesho, mjadala, ufuatiliaji. Uzito wake uko kwenye hatua ya pili. Ni rahisi kutaja tatizo, na ni vigumu watu kukaa na kuuliza nani ananufaika nalo. Wasanii waliosoma walilazimika kujifunza kunyamaza ili mwenye kijiji aseme. Kwa mtunzi aliyezoea kuwapa wahusika maneno, hilo ni somo kubwa.

Mwaka 1985 Lihamba alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Alikuwa akiandika historia ambayo yeye mwenyewe alikuwamo, akaitazama bila kuipaka sukari: namna dola ilivyoinua sanaa, na namna ilivyoigeuza mara nyingi kuwa ya kusifu na kukaribisha wageni uwanjani.

Mwaka huohuo alionekana kwenye filamu fupi ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani. Inamhusu mwanamke ambaye maradhi yake yameshindikana hospitali, naye anaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya jambo lililomwumiza tangu zamani. Tiba yake inaanza pale hofu ile inapotajwa. Ni hadithi ndogo, lakini ndiyo mbegu ya kazi kubwa iliyomfanya Lihamba ajulikane nje ya nchi miaka 16 baadaye.

Hapa inafaa kutupa jicho Marekani, ambako mtunzi anayeigiza kwenye filamu ni mtu anayefahamika. Sam Shepard alizaliwa mwaka 1943, mwaka mmoja kabla ya Lihamba. Alianzia katika kumbi ndogo za New York mwaka 1964, akapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1979 kwa tamthilia yake Buried Child, kisha akaigiza kama rubani Chuck Yeager katika The Right Stuff ya mwaka 1983 na kuteuliwa kuwania Oscar. Katika kizazi kilichofuata, Danai Gurira, aliyezaliwa Marekani na kukulia Harare, aliandika Eclipsed, mchezo wa wanawake katika vita vya Liberia. Baadaye dunia ilimjua kama Okoye katika Black Panther ya mwaka 2018.

Watunzi hao walikuwa na kiwanda cha filamu kando yao, chenye fedha za kuwaita na kuwalipa. Tanzania ilikuwa na Kampuni ya Filamu iliyoundwa mwaka 1968, ambayo kazi zake zilikuwa chache, na Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Mwigizaji wa kizazi cha Lihamba aliweza kukaa miaka kumi bila kuitwa mbele ya kamera. Kwa hiyo hakuwa mtunzi aliyehamia kwenye filamu. Alibaki mwalimu na mtu wa jukwaa ambaye kamera ilimfuata alipokuwa, mara chache, na kila ilipokuja ilimkuta yuko tayari.

Miaka ya 1990 alikuwa katika kilele cha kazi. Mwaka 1992, mwaka ambao nchi ilirejea kwenye vyama vingi, ilitoka Mkutano wa Pili wa Ndege, tamthilia ambayo wahusika wake ni ndege. Mtu wa Ufipa hashangai kuona mnyama au ndege akibeba mambo ya watu. Ngano zimefanya hivyo siku zote, kwa sababu mkubwa anaweza kukasirika akitajwa kwa jina, lakini hawezi kukasirikia kunguru bila kujifichua.

Pamoja na Mlama alisimamia pia sanaa za maonyesho kwa watoto, na mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa Tuseme. Walikuwa wamegundua kwamba msichana wa sekondari anafeli au anaacha shule kwa sababu ambazo hakuna kikao cha shule kinachozijadili: mwalimu anayemsumbua, kazi za nyumbani, njia ndefu, mimba, na zaidi ya yote kuzoeshwa tangu utoto kwamba binti mwema ni yule asiyesema. Njia ilikuwa ileile ya Malya. Wanafunzi wanataja matatizo, wanayachambua, wanatunga mchezo, wanauonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha wanajadiliana nini kifanyike. Mwalimu anaketi kwenye benchi la watazamaji na kumtazama mwanafunzi akimwigiza mwalimu. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa na FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, na kuenezwa katika nchi nyingine za bara hili.

Ndipo ikaja Maangamizi. Filamu hii iliongozwa na Martin Mhando, Mtanzania, na Ron Mulvihill yuleyule wa Arusi ya Mariamu. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania. Wodini anamkuta mwanamke aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Asira anaigizwa na BarbaraO, aliyejulikana kwa Daughters of the Dust ya Julie Dash. Samehe ni Amandina Lihamba.

Fikiria maana ya uteuzi huo. Mtu aliyekuwa ameandika maneno ya wahusika kwa miaka 20, aliyekuwa akizunguka shuleni kuwaambia wasichana wasikae kimya, anapewa nafasi kubwa kuliko zote za maisha yake, na nafasi yenyewe ni ya mtu aliyenyamaza. Ukumbini mwigizaji hukuza sauti ili afike safu ya nyuma. Hapa kamera iko karibu na uso, na kila kitu kiko machoni, kwenye shingo inayogoma kugeuka, kwenye mikono isiyojua pa kukaa. Lihamba haigizi ububu. Anaigiza mtu mwenye mengi ya kusema ambaye ameamua, au ameamuliwa, asiyaseme. Mtazamaji anamwona akisikia, anamwona akipima, anamwona akirudi ndani. Mzimu wa bibi, Maangamizi, ambaye wengine hawamwoni, ndiye anayewaunganisha mgonjwa na daktari, kwa maana daktari naye ana jeraha la kwao ambalo hajalitaja. Tiba ya mmoja inakuwa tiba ya mwingine.

Mwaka 2001 Maangamizi ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Haikuingia kwenye orodha ya mwisho. Nchi haikupeleka nyingine hadi mwaka 2022, ilipokuwa zamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Kutoka hapo Lihamba aliendelea kufundisha na kuhariri. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa cha maandishi na sauti za wanawake wa Afrika Mashariki, sehemu ya mfululizo wa Women Writing Africa, akiwa mmoja wa wahariri wake pamoja na M. M. Mulokozi, Saïda Yahya-Othman, Naomi Shitemi na Fulata Moyo. Ndani yake mna nyimbo, barua na ushuhuda wa wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kujiita waandishi. Kwa mtu aliyekuwa Malya, hiyo ilikuwa kazi ileile kwa chombo kingine.

Sasa turudi Ufipa, kwa sababu historia isiyofika nyumbani haijakamilika.

Masimulizi ya Wafipa yanasema kwamba chifu wa Milansi alikuwa ameondoka kwenda kuwinda walipofika wanawake watatu wageni. Aliporudi alikuta kigoda kimepata wenyewe. Tangu hapo utawala wa sehemu kubwa ya Ufipa ukawa wa ukoo wao, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na eneo dogo na heshima kubwa ya kimila. Wataalamu wameichambua hadithi hii kwa njia nyingi. Mtu wa jukwaa anaona kitu kingine: mlango, kigoda kitupu, wageni watatu walioingia na vumbi la safari, na watu walioachwa nyumbani ambao lazima waamue kabla mwenye nyumba hajarudi. Hao walioachwa nyumbani walisema nini? Simulizi inawapita haraka. Tamthilia ingesimama hapo.

Na si mambo ya kale tu. Serikali iliporuhusu mwishoni mwa mwaka 2021 wasichana waliojifungua kurudi shuleni, waraka ulifika Sumbawanga kama ulivyofika kwingine. Waraka hufungua geti. Haumwambii binti wa Laela au Namanyere atajibu nini wenzake watakapomcheka darasani, wala haumwambii baba yake ataanzaje kuzungumza naye baada ya miezi ya kununiana. Hayo hayatatuliwi na hotuba ya mgeni rasmi. Yanatatuliwa na watu wa mahali hapo wakikaa, wakichambua, wakitunga, na kuwekeana ukweli mbele ya macho.

Kwa hiyo usomaji wa maisha ya Amandina Lihamba usiishie kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Vilabu vya shule za Rukwa vikichukua tamthilia zake viziigize, ni vizuri. Vikichukua njia yake vitunge vya kwao, kwa Kiswahili na Kifipa, juu ya mashamba, samaki wa Kasanga, ndoa za mapema na vijana wanaokwenda Tunduma kutafuta riziki, hapo ndipo vitakuwa vimemwelewa. Ameonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuandika, kuigiza, kufundisha na kusikiliza, na kwamba la mwisho ndilo linaloyapa mengine uzito. Chuo kikuu kimempa heshima ya uprofesa. Sisi tunaweza kumpa heshima ambayo kila mtunzi anaitamani: kuendelea na kazi.